Kipimo cha Mkwe Hakipimi Kichekesho

Kila unapozuka ubishi juu ya kipindi cha vichekesho chenye lugha chafu, hatakosekana mtu wa kusema: "Kile siwezi kukitazama na mkwe wangu." Basi, mjadala umekwisha. Anayekipenda kipindi anaonekana hakulelewa, na aliyekitunga anaonekana kaishiwa, kwa kuwa inaaminika kwamba mchekeshaji mwenye akili hahitaji chupi wala choo ili watu wacheke. Wanasema hivyo mashehe na wachungaji, wanasema wahariri wa magazeti, wanasema maafisa wa udhibiti Nairobi na Dar es Salaam. Kauli hiyo imezoeleka mno, hata wapenzi wa vichekesho vya aina hiyo hawathubutu kuipinga. Hujitetea tu kwamba huo ni mzaha, mbona mnaukuza.

Mimi naipinga, na utetezi wa mzaha nao siuridhii. Heshima ya mkwe nimelelewa nayo na naishika. Lakini heshima hiyo huamua nani akae na nani, chumba gani, saa ngapi. Kuamua kama kichekesho kinasema kweli au kinaongopa, kama kinamsimamia mnyonge au kinamkanyaga, haijapata kuwa kazi yake. Tumeibebesha mzigo usio wake, na matokeo yake tunayaona: kipindi cha uongo hupita kwa kuwa kimestirika, na kipindi cha kweli hupigwa mawe kwa kuwa kimetaja sidiria.

Sidiria naitaja kwa makusudi. Ndiyo iliyowasha moto katika mzozo ambao, kwa maoni yangu, unaonyesha kosa hili kuliko mwingine wowote, na mzozo huo ulitokea Marekani.

Jumapili ya tarehe 15 Januari 1989, saa mbili na nusu usiku, kituo cha televisheni cha Fox kilirusha sehemu moja ya kipindi cha vichekesho kiitwacho Married... with Children. Kisa chenyewe kilikuwa kidogo. Peggy Bundy, mama wa nyumbani, ameambiwa kwamba aina ya sidiria aliyoizoea haitengenezwi tena, na mumewe Al anafunga safari na jirani yake Steve hadi duka la nguo za ndani huko Wisconsin kuitafuta. Dukani wanamkuta mzee aliyevaa vishikizo vya soksi za kike, na mwanamke anayevua sidiria akiwa ameipa kamera mgongo. Waliokuwa studioni waliangua kicheko. Huko Bloomfield Hills, kitongoji cha wenye mali nje ya Detroit, mama aitwaye Terry Rakolta alikuwa akitazama na watoto wake, na hakucheka.

Rakolta aliujua mlango wa kubisha. Aliwaandikia wenye matangazo, kampuni zilizokuwa zikilipia dakika za biashara katikati ya kipindi, akawauliza kama wanajua fedha zao zinagharimia nini. Kampuni zikatetemeka. Kimberly-Clark na Tambrands zikajitoa. Mkuu wa Coca-Cola nchini Marekani akamjibu kwa barua ya kuona haya. Tarehe 2 Machi The New York Times likaipeleka habari hiyo ukurasa wa kwanza. Fox nayo ilikuwa bado changa, imeanza vipindi vyake vya jioni Aprili 1987 kwa kipindi hiki hiki, nayo ikaogopa: sehemu nyingine iliyokwisha kurekodiwa, juu ya wanandoa waliopigwa video kwa siri katika chumba cha hoteli ya kando ya barabara, ikawekwa kabatini, na Wamarekani hawakuiona kwenye televisheni hadi mwaka 2002. Watazamaji, kwa upande wao, waliongezeka. Kipindi kiliendelea hadi 1997.

Wanaokitetea kipindi hupenda kuikatia hadithi hapo, kama kwamba idadi ya watazamaji ndiyo hakimu. Mimi siikatii hapo. Watu hujaa pia kutazama ajali. Kama kipindi kile kina la kujitetea, litafutwe ndani ya kipindi chenyewe, katika kile kilichokuwa kikisemwa na kuonyeshwa wiki baada ya wiki kwa miaka kumi.

Al Bundy anauza viatu vya wanawake katika duka moja la Chicago. Alipokuwa mwanafunzi wa Polk High alikuwa nyota wa futiboli ya Kimarekani, na katika mechi moja aliuvuka mstari na mpira mkononi mara nne. Mechi hiyo anaisimulia maisha yake yote, maana baada yake hakuna jingine la kusimulia. Mshahara wake hautoshi. Jokofu ni tupu, gari ni mkweche, watoto wawili, Kelly na Bud, wanamchukulia pesa mfukoni bila hata kujificha. Mkewe hapiki wala hatafuti kazi. Anataka mapenzi, na Al hana nguvu ya mapenzi kwa sababu ameshinda kutwa nzima amepiga magoti mbele ya nyayo za watu. Akirudi nyumbani anakaa kwenye kochi, mkono mmoja ameuingiza kiunoni mwa suruali, anatazama mbele.

Mkono ule katika suruali ulilaaniwa sana. Nami nauona kuwa miongoni mwa picha za kweli kabisa ambazo televisheni ya Marekani ya miaka ile ilitoa juu ya mwanamume anayefanya kazi ya mshahara mdogo. Si picha ya ashiki. Ni ya mtu aliyechoka mpaka hakumbuki kwamba anaonekana.

Tuangalie palikuwa na nini kwenye vituo vingine. Tangu 1984, NBC ilikuwa na The Cosby Show: baba daktari, mama mwanasheria, nyumba nzuri ya Brooklyn, watoto wanaokosea kidogo na kurekebishwa kabla ya nusu saa kwisha. Kipindi hicho nakiheshimu. Baada ya miongo ambayo televisheni ilimwonyesha Mwamerika Mweusi kama mtumishi au mhalifu, kuiona familia ile ikila chakula cha jioni kwa utulivu lilikuwa jambo kubwa, na sitaki kulipunguza. Lakini kilipofanikiwa, vingine vingi vilikifuata, na ikawa kwamba nyumba ya Mmarekani, kwa jinsi televisheni ilivyoionyesha, ni mahali ambapo pesa haikosekani na upendo haukauki. Michael Moye na Ron Leavitt, waliotunga habari za akina Bundy, walikiita kipindi chao, kilipokuwa bado kwenye karatasi, "Not the Cosbys", yaani si akina Cosby. Walijua wanachokijibu.

Nje ya studio, Chicago yenyewe ilikuwa inapoteza viwanda vyake vya chuma. Wisconsin Steel ilifungwa Machi 1980, na maelfu ya wafanyakazi wakaachwa bila kazi. South Works, kiwanda kikubwa cha U.S. Steel kando ya ziwa, kilinyauka mwaka hadi mwaka mpaka kikafungwa 1992. Kazi zilizolipa vizuri na kulindwa na chama cha wafanyakazi zilipungua, na nyingi zilizobaki wazi kwa mtu asiye na shahada zilikuwa za kusimama dukani. Al Bundy hatajwi kuwa aliachishwa kazi kiwandani, wala kipindi hakikutoa hotuba ya uchumi hata mara moja. Kilimvalisha tai ya muuza duka, kikamrudisha nyumbani saa kumi na mbili jioni. Mtazamaji wa Chicago alielewa.

Hapo ndipo ninaposhikana na wale wanaosema uchafu ulikuwa wa kuvutia watazamaji tu. Umaskini wa aina ile unaingia mwilini, na mwili ndio unaoutangaza. Unatangazwa na harufu ya miguu, na mgongo, na kitanda ambacho wawili wanalala wakipeana kisogo. Unatangazwa na choo. Kuna sehemu moja ambayo Al anaota kujijengea choo chake peke yake na kufunga ndani yake bakuli la Ferguson, la aina aliyoikumbuka kwa baba yake, lenye mshindo wa haja likivutwa maji. Wapo watakaosema hapo kipindi kimefika mwisho wa utovu wa adabu. Lakini sikilizeni kisa kinasema nini: mtu huyu analipa rehani ya nyumba nzima na hana ndani yake chumba hata kimoja ambacho mlango wake unamtii. Niambieni jinsi ya kulisema hilo kwa lugha safi, kwa nusu saa, na bado fundi wa magari aliyetoka kazini alifuatilie hadi mwisho akicheka.

Pia hawakupeana talaka. Jambo hili wakosoaji walilipita. Katika miaka yote ile ya kutukanana, Al hakumpa Peggy talaka, na wanawake walipomjia kwa kawaida hakuwafuata. Kijana aliyemchezea Kelly alitolewa nje kwa kugongeshwa ukuta. Akija adui wa nje, jirani au benki au polisi, wale wanne waliokuwa wakigombania kipande cha mwisho cha piza husimama bega kwa bega. Rakolta alilalamika kwamba kipindi kinaipiga vita familia. Naamini alikosea. Kipindi kiliipiga vita picha ya familia, na familia yenyewe kikaiacha imesimama, njaa na yote.

Sasa nitaje jambo zito, na nalitaja kwa uangalifu. Bill Cosby, baba wa taifa wa ule upande safi, alikuja kulaumiwa na wanawake wengi sana kwa kuwashambulia kingono. Yeye alikana. Mwaka 2018 baraza la mahakama la Pennsylvania lilimtia hatiani. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaitengua hukumu kwa sababu ya ahadi aliyopewa zamani na mwendesha mashtaka kwamba hatashtakiwa. Silitumii jambo hili kuwachafua waandishi na waigizaji wa The Cosby Show, ambao hawakuwa na hatia. Nalitumia kwa hoja moja tu: kwa miaka mingi Wamarekani waliuchukua usafi wa maneno kuwa cheti cha usafi wa mtu na wa nyumba, na Cosby mwenyewe alisimama mbele ya watu kuwakemea vijana kwa lugha yao na suruali zao. Cheti hicho hakikuwa na thamani. Haikupasa kiwe nayo tangu mwanzo, hata kama yule mtu angekuwa malaika.

Mpinzani wangu wa hapa kwetu atanijibu kwa Papa Shirandula, na ni jibu zuri. Kipindi hicho cha Citizen TV, kilichobebwa na marehemu Charles Bukeko, kilisimama juu ya aibu ile ile ya Al Bundy: mwanamume anamficha mkewe kwamba kazi aliyo nayo mjini ni ya ulinzi. Watu wakacheka, wakajiona, na hakuna aliyehitaji kumfunika mtoto macho. Basi imewezekana bila uchafu, kwa nini wengine washindwe?

Imewezekana, ndiyo, na nafurahi. Lakini mfano huo unathibitisha kwamba kichekesho kisafi kinaweza kuwa cha kweli. Hauthibitishi kwamba kichafu ni cha uongo. Tena kuna mlango ambao Papa Shirandula aliufunga kwa heshima akapita: mlango wa chumba cha kulala. Aibu ya kipato ilionyeshwa. Kile ambacho aibu hiyo inamfanyia mume na mke usiku hakikuonyeshwa. Ni haki ya mtunzi kuamua hivyo. Si haki ya mtazamaji kuamua kwamba mtunzi mwingine asiufungue mlango huo kamwe.

Na wanaoniambia kwamba kuufungua ni kinyume cha utamaduni wetu, nawaomba wautazame utamaduni wetu wote, pamoja na upande ambao wanaume hawakualikwa. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013 na ambaye viongozi wa nchi walimheshimu, alikuwa mwimbaji wa taarabu na pia bingwa wa unyago. Katika unyago wasichana hufundishwa mambo ya mwili na ndoa kwa ngoma, kwa nyimbo na kwa maigizo ambayo hakuna kituo cha televisheni kitakachoyathubutu, na wanawake hucheka mpaka machozi. Kicheko kile ni sehemu ya somo. Somo kavu juu ya kitanda humtia msichana hofu. Somo lenye kicheko humwambia kwamba wenzake wamepita huko na wako hai. Bara nako kuna utani. Mtani wa kabila humjia mfiwa msibani, akamtania marehemu mbele ya jeneza, akataja ulafi wake na uchoyo wake na mengine ambayo ndugu hawezi kuyataja, na wafiwa humshukuru. Bibi zetu hawakuwa wajinga wa adabu. Walijua kwamba kuna mambo yasiyosemeka kwa lugha ya sebuleni, na yasiposemwa popote huoza, kwa hiyo wakayatengea mahali pake na watu wake.

Mahali pake na watu wake. Hapa nakubaliana na Rakolta kwa asilimia zote, na naona waliomfanyia mzaha kwa miaka walimwonea. Saa mbili na nusu usiku, Jumapili, watoto wako macho. Mama aliyekuta onyesho la nguo za ndani saa hiyo ana haki ya kukasirika, na ana haki ya kukiuliza kituo kwa nini hakikungoja. Unyago hauchezwi uwanjani mchana. Baikoko ya Tanga, ngoma ya kiuno iliyokuwa ya wanawake kwa wanawake, ilipopanda jukwaani mbele ya kila mtu ilizua manung'uniko ambayo hata mimi nayaelewa: viuno ni vile vile, waliobadilika ni watazamaji. Nchini Kenya kanuni za utangazaji zilizoanza kutumika 2016 zimeweka kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku kuwa muda wa kuwalinda watoto, na maudhui ya watu wazima yasubiri baada ya hapo. Kanuni hiyo naiunga mkono. Ni kanuni ya mahali na saa, na inafanana na akili ya bibi zetu kuliko inavyodhaniwa.

Tatizo ni kwamba hatuishii hapo. Tukishapewa saa nne usiku tunataka na saa tano, halafu tunataka kipindi chenyewe kisiwepo. Nimesikia mara nyingi mtu mzima, anayekiri kwamba kipindi kinaonyeshwa usiku wa manane, akidai kifutwe kwa sababu "kuna watoto". Watoto hao wamelala. Wanaoongelewa pale si watoto tena. Ni watu wazima ambao msemaji hawaamini.

Na njia iliyotumika 1989 iliacha urithi mbaya. Rakolta hakwenda mahakamani wala bungeni; alikwenda kwa mwenye fedha, na mwenye fedha hakuuliza kama kipindi kina maana. Aliuliza kama sabuni yake itapungua kuuzwa. Ukishamfanya muuza sabuni kuwa mlinzi wa maadili, umekabidhi swali la nini kisemwe juu ya ndoa kwa mtu ambaye hana haja nalo kabisa. Wala ulinzi huo hauna mwisho. Coca-Cola iliyoona haya kwa ajili ya akina Bundy ndiyo ambayo mwaka 2016 iliamriwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya kuondoa busu katika tangazo lake. Busu. Kampuni iliyowahi kusaidia kunyoosha kidole juu ya kichekesho ilikuta kidole kimeigeukia kwa jambo ambalo wapenzi hulifanya kwenye harusi mbele ya mchungaji. Mwaka uliofuata bodi hiyo hiyo ikazipiga marufuku katuni za watoto, The Loud House na Steven Universe zikiwamo. Ukipima kwa hofu ya kuona haya, utaendelea kukata mpaka ubaki na taarifa ya hali ya hewa.

Kuna pingamizi moja ambalo silipiti mbio, kwa kuwa linaumiza hoja yangu. Ni kwamba mtazamaji haoni lazima kile ambacho mtunzi amekusudia. Mwaka 1971 CBS ilianza kuonyesha All in the Family ya Norman Lear, ambamo Archie Bunker, mfanyakazi wa Queens, huwatukana Weusi, Wayahudi na wanawake kila anapofungua kinywa. Lear alitaka watu wamcheke Archie. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha matokeo ya kuwahoji watazamaji wa Marekani na Kanada, nao walikuta kwamba wale waliokuwa na chuki za rangi wao wenyewe walielekea kumwona Archie kuwa ndiye msema kweli, na wasio na chuki hizo walimwona kuwa ndiye anayechekwa. Kipindi kimoja, vicheko viwili, kila mmoja akaondoka na alichokuja nacho.

Hali hiyo ilimkuta Al Bundy pia. Katika miaka ya mwisho aliunda chama cha wanaume wa mtaani wanaonung'unika juu ya wanawake, na wapo watazamaji waliokipenda chama kile bila kukicheka. Baadhi yao bado wanamnukuu kama mwalimu. Siwezi kusema hawapo. Ninalosema ni kwamba ugonjwa huu hauko katika vichekesho vichafu peke yake. Mahubiri nayo husikilizwa hivyo, na taarifa ya habari, na methali. Aliyekuja na dharau kwa mkewe ataipata hata katika kitabu kitakatifu. Utafiti ule unatutaka tuulize kichekesho kinamwachia mtazamaji mwenye chuki nafasi kubwa kiasi gani ya kujiona shujaa. Ni swali gumu na zuri, na hulipati popote katika kuhesabu sidiria.

Basi niliulize swali hilo kwa kipindi ninachokitetea. Al Bundy, akiwa dukani, huwatukana wateja wanene. Analifanya hilo kwa miaka na miaka. Mwanamke mnene huingia, hukaa, hupewa tusi juu ya uzito wake, studio hucheka, mwanamke hutoka. Hapewi jina. Hapewi nyumba ya kurudi wala mume wa kumlalamikia, wakati Al amepewa vyote. Vichekesho vya choo na kitanda vinamchimba Al na mkewe wenyewe, watu tunaowajua, wenye ulimi wa kujibu. Vichekesho vya wanawake wanene vinamtupia mawe mtu ambaye kipindi hakikutaka kumjua. Hapo pana uchafu, na naamini pale Rakolta alipolalamika kwamba wanawake wanadhalilishwa alikuwa ameukaribia ukweli, ila jicho likavutwa na duka la nguo za ndani. Kampuni zilizojitoa zilijitoa kwa sababu ya ngozi iliyoonekana.

Nikivigeukia vipindi vyetu kwa swali hili hili, mambo mengi yanabadilisha nafasi. Dada wa kazi za ndani anayefanywa mjinga kwa sababu ametoka kijijini jana. Mlinzi ambaye kichekesho chake chote ni lafudhi, anatamka vibaya na watu wanaanguka kwa kucheka. Mke anayezabwa kibao jukwaani na ukumbi ukashangilia. Kiziwi, kigugumizi, mwenye makengeza. Hakuna chupi humo. Hakuna neno ambalo mtu ataona haya kulitamka mbele ya mkwe, na kwa hiyo hupita saa mbili usiku vikiitwa vichekesho vya familia, wakati dada wa kazi mwenyewe amesimama mlangoni ameshika trei. Malalamiko ya maadili yanayofika magazetini ni juu ya mavazi, viuno na maneno ya chumbani. Juu ya dada yule ni machache mno, na yakija hujibiwa kwamba ni mzaha, usiukuze.

Hii ndiyo sababu nimesema utetezi wa mzaha siuridhii. Ni utetezi wa wavivu wa pande zote mbili. Mzaha ni tendo. Una anayetenda na anayetendewa, na kila mtazamaji mwenye akili anaweza kuuliza ni nani hao bila kungoja bodi.

Wapo Warusi, Waargentina, Wajerumani na Wachile waliokinunua kisa cha akina Bundy wakakitengeneza upya kwa lugha zao, kwa majina yao, katika miji yao. Cha Urusi, kilichoanza 2006, kilidumu kwa miaka kadhaa. Sidhani kwamba mataifa hayo yalikuwa na uhaba wa sidiria. Yalikuwa na wanaume wenye kazi wanazozionea aibu, na wake waliochoka kusubiri, na watoto wanaoujua mshahara wa baba yao hadi senti.

Nasi tunao. Kwa hiyo naandika haya pia kwa watunzi wetu ambao wana andiko la aina hiyo kwenye droo na wameambiwa na kituo kwamba ni zuri ila halifai. Liandikeni mpaka mwisho. Mwandikeni dereva wa bodaboda anayelala na mkewe na watoto watatu katika chumba kimoja cha Mbagala au Kayole, pazia likiwa ndilo ukuta, na mambo yote yanayofanyika na kutofanyika nyuma ya pazia hilo. Mpeni mke ulimi mkali kuliko wa mume. Jirani mnene mpeni jina, na mume, na kisa chake. Kisha lipelekeni kituoni mkidai saa nne na nusu usiku, saa ambayo kanuni za Kenya tayari zinairuhusu, na mkurugenzi akisema hataki kwa sababu wenye matangazo wataona haya, mwombeni awataje kwa majina, ili watazamaji wawaandikie wao pia.